Doa Nililolifukia kwa Mchanga

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu ilianza nikiwa na ufagio mkononi, asubuhi na mapema, uwanjani kwetu Kibiti. Nitakusimulia yote, hata pale nitakapoonekana mbaya, kwa sababu nilikuwa mbaya kweli. Nimekuona tangu juzi umenuna, mumeo anakusalimu unamjibu kwa pembe ya mdomo. Sikuulizi kuna nini. Endelea kupeta mchele wako, sikiliza yangu kwanza.

Nilikuwa na wivu, mwanangu. Siuzungumzii ule wivu mdogo wa kumwona jirani kavaa kanga mpya. Wangu ulikuwa wa kuninyima usingizi na hamu ya kula. Na aliyenitia wivu huo wala hakuwa mtu. Ilikuwa landrova.

Haya cheka. Wenzako walishacheka sana kabla yako.

Mume wangu, baba Rukia, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa shirika moja la umma. Ilipoingia miaka ya ruksa, biashara zikaachiwa huru, mashirika yale yakawa yanafungwa moja baada ya jingine, watu wanarudi makwao na mabegi yao. Lake nalo likafungwa, na vitu vyake vikapigwa mnada. Wenzake walichukua makabati, viti na mabati. Yeye akachukua landrova aliyoiendesha tangu ujana wake, mzee wa gari, limesimama juani miaka miwili bila kuwashwa, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Likaja nyumbani likivutwa na trekta.

Mimi nilisimama mlangoni, Rukia mgongoni, nimevaa vizuri maana nilijua mume wangu anarudi. Alinipita. Akaenda kulizunguka lile gari, akalipapasa bodi kwa kiganja na kusema, "Haya bibie, umefika nyumbani." Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili.

Wifi yangu Mwajuma, dada yake baba Rukia, alikuwepo, naye ndiye aliyelianzisha lile neno. Alipiga makofi akasema, "Wifi, bi mdogo huyo kaingia! Hujamletea hata maji ya kunawa?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Kesho yake kisimani akaniuliza, "Bi mdogo kaamkaje?" Nikamjibu, "Hajambo, kanywa oili, kalala." Utani wa mawifi unaujua, haujibiwi kwa hasira. Lakini mtaa mzima uliudaka. Nikienda sokoni, bi mdogo. Nikienda kilioni, bi mdogo. Mwisho nikawa nacheka kwa meno tu.

Kazi ya kulifufua gari lile ilichukua kiangazi, masika, na kiangazi kingine. Alilipandisha juu ya magogo ya mkorosho, akalifungua lote mpaka likabaki mifupa. Vyuma vikajaa barazani, pa kuweka mkeka hapana. Beseni langu la kufulia, nililotoka nalo kwetu siku ya harusi, likawa la kuoshea pistoni kwa mafuta ya taa. Kata yangu ya maji ikawa ya kuchotea oili. Siku moja natafuta kanga niliyombebea Rukia alipozaliwa, nikaikuta imechanwa vipande vinne, kimoja kinaning'inia mfukoni mwa baba Rukia, cheusi tii. Nikakaa chini nikalia. Akaja mbio ananiuliza nani kafa.

Halafu masika yakaingia. Makuti ya jikoni kwangu yalikuwa yameoza, napika huku natonewa kichwani. Baba Rukia akaenda Dar es Salaam, mtaa wa Gerezani, kutafuta vipuri. Aliporudi na turubai jipya begani, moyo wangu uliruka. Nikasema leo kanikumbuka. Nikatoka nje nimshikie upande wa pili tulifunike jiko. Akanipita na turubai lake, akaenda kulifunika gari, akalifunga kamba pande nne, akalikaza vizuri lisiingize maji. Mimi niliendelea kupika na mvua yangu.

Na mazungumzo yake! Zamani akirudi safari alinisimulia alikopita, kamwona nani, nani kaoa. Sasa tukikaa kula, habari ni ya mtu mmoja tu. "Leo kakohoa kidogo." "Leo kanikatalia kabisa." "Kesho namsaga valvu." Nikimwambia Rukia anaota meno, anasema "Alhamdulillahi," macho yake yako nje.

Nikamlalamikia wifi Mwajuma, nikitaka anihurumie. Akaniangalia, akasema, "Lakini wifi, tuseme ukweli. Yule kaka alikuwa naye kabla hajakuoa. Kwa hiyo bi mkubwa ni yeye. Bi mdogo ni wewe." Alisema kwa utani, akaenda zake. Mimi neno lile lilinikaa. Tangu siku ile sikuligusa gari wala kulifutia vumbi, na kuku nikawaacha walale juu yake wanavyotaka.

Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, baba Rukia alikuja mlangoni anahema, uso wote umejaa masizi, anameremeta. "Mama Rukia, njoo usikie! Njoo usikie linavyonguruma!"

Nikamwambia, "Nina unga mikononi."

Sikuwa na unga wowote. Alisimama kidogo, akarudi zake. Mpaka leo, mwanangu, natamani ningetoka siku ile.

Gari lilipokwisha kusimama kwenye magurudumu yake, alinipa kazi. Aliniita uwanjani nilipokuwa nafagia, akachuchumaa, akachovya kidole kwenye kikopo. "Nusa hii. Hii ni oili, nyeusi, nzito. Gari kuukuu halikosi kudondosha oili, usishtuke. Sasa nusa na hii. Haya ni mafuta ya breki. Mepesi, hayana weusi. Ukiyaona haya chini, karibu na gurudumu lolote, hata tone, niambie kabla sijawasha gari. Hayo yakiisha, gari halisimami. Wewe ndiye unayefagia hapa kila siku, macho yako yanafika chini kabla ya yangu."

Nilimjibu, "Sawa." Moyoni nikasema, tazama, sasa nimefanywa yaya wa mke mwenzangu.

Breki zenyewe zilimsumbua kuliko injini. Zinafanya kazi kwa hayo mafuta yaliyomo kwenye mirija. Upepo ukiingia ndani ya mrija, dereva anakanyaga, pedali inazama, gari linaendelea na safari yake. Kwa hiyo lazima upepo utolewe, na kazi hiyo ya watu wawili. Mmoja analala chini ya gari na spana, anafungua kijinati kwenye gurudumu na kukifunga. Mwingine anakaa kwenye usukani anakanyaga pedali, anashikilia, anaachia, kwa amri ya yule wa chini. Gurudumu baada ya gurudumu, muda mrefu.

Akaja kuniomba. "Mama Rukia, njoo unikanyagie breki."

Nikamwambia, "Mkeo huyo. Muuguze mwenyewe."

 Alinitazama tu, akaenda.

Sasa, nyumba ya jirani alikuwa amepanga mwalimu mmoja, Mwalimu Tumaini, kaletwa shule yetu kutoka Songea. Msichana mrefu, mchangamfu, Mkristo, hana mume. Baba yake alikuwa dereva wa lori, kakulia kwenye mambo hayo. Mimi sikuwa na neno naye. Tulikuwa tunapeana moto na chumvi kama majirani.

Jioni moja natoka kisimani, ndoo kichwani, nafika nyuma ya ua wetu wa makuti, nasikia sauti ya mume wangu. "Kanyaga. Tena. Shikilia hapohapo, usiachie, usiachie... haya, achia." Na sauti ya mwanamke inajibu, "Tayari?" Kisha wote wawili wakacheka.

Ndoo ilianguka, ikapasuka. Nikaingia nimelowa hadi miguuni. Naona miguu ya baba Rukia imetokeza chini ya gari, na Mwalimu Tumaini kakaa kwenye usukani, kavua viatu, mguu wake mtupu uko juu ya pedali. Akanisalimu vizuri tu. "Habari za kisimani, dada? Pole, maji yamekumwagikia."

Nikasema nzuri. Nikaingia ndani nikajifungia.

Nilijua hakuna kitu pale. Nasema ukweli, akili yangu ilijua. Ungemwona mtu amelala chini ya gari, mafuta yanamdondokea usoni, mwenzake yuko juu anakanyaga, hata wewe ungejua. Lakini kile kicheko! Mimi mume wangu nilikuwa sijamchekesha tangu trekta lile lilipoingia uwanjani. Na nafasi ile aliyoikalia mwalimu nilipewa mimi kwanza, nikaikataa kwa mdomo wangu. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba sina wa kumlaumu. Mtu asiye na wa kumlaumu, mwanangu, huwa anamtafuta.

Sikumwambia kitu. Hata neno. Akiniuliza, "Una nini?" namjibu, "Sina kitu." Nikawa namwekea chakula na kumfulia nguo, lakini nimefunga mdomo.

Gari likaanza safari. Alikuwa akibeba mpunga na ufuta wa watu kupeleka Ikwiriri, riziki ikaanza kurudi nyumbani. Siku hiyo ninayokusimulia ilikuwa safari ya harusi. Mama mkwe wangu, Bi Sikudhani, tuliyekuwa tukiishi naye, alikuwa anakwenda harusini kwa ndugu zake Nyamwage, ng'ambo ya mto, na baba Rukia angempeleka. Wakati ule Mto Rufiji haukuwa na daraja. Magari yalivuka kwa pantoni pale Ndundu, na kuliendea pantoni ilikuwa ni kuteremka kwenye kingo, mteremko wa udongo, huku watu na vikapu vyao wamejaa chini wanasubiri.

Usiku wa kuamkia siku hiyo tunakula, baba Rukia akasema, "Mwalimu naye ana shughuli zake Ikwiriri, tutampa lifti. Mama atakaa dirishani, mwalimu katikati." Katikati, mwanangu, ndipo gia zilipo. Akaongeza, "Na wewe twende, Rukia tumpakate. Nafasi ya nyuma ipo." Nikamwambia mimi na nyuma ya gari mbalimbali, nitabaki.

Asubuhi nikachukua ufagio. Nafagia kama kila siku, nainama, nachora ile mistari kwenye mchanga. Nikafika gurudumu la nyuma, la kushoto. Nikaona doa. Si kubwa, kama kisahani cha kikombe. Nikaligusa, nikanusa kidole. Halikuwa jeusi. Lilikuwa jepesi.

Nilisimama pale. Ndani namsikia baba Rukia anapiga mluzi, anavaa. Upande wa pili wa ua namsikia mwalimu anafunga mlango wake, viatu vyake vinakuja. Nilichotakiwa kufanya ni kuita jina la mtu mmoja.

Nikasema moyoni, amuulize mwalimu wake. Nikauvuta mchanga mkavu kwa ufagio, nikalifukia lile doa, nikapitisha mistari juu yake, nikaenda kufagia kwingine.  Usidhani nilitaka mtu afe. Nilitaka gari liwazimikie njiani, watu waone, mwalimu atembee kwa miguu juani, baba Rukia arudi ananitazama mimi. Nilijidanganya hivyo. Lakini mume wangu alikuwa ameniambia kwa lugha nyepesi kabisa: gari halisimami.

Alitoka, akainama akachungulia chini ya gari kama kawaida yake, akainuka, akawasha. Mama mkwe akapanda, mwalimu akakaa katikati. Wakaondoka. Niliwaangalia mpaka wakakata kona, nikabaki na Rukia.

Asubuhi yote sikukaa. Nilipika wali ukaungua. Nilitoka barabarani nikarudi, nikatoka nikarudi. Nilitaka kupanda basi niwafuate, nikajiambia watakuwa wameshafika, hakuna kitu. Alasiri utingo wa basi la kutoka Kilwa akashuka hapo kwetu, hana hata salamu. "Nyumba ya dereva wa landrova ni hii? Wamepata ajali pale pantoni."

Nikamuuliza, "Wazima?"

Akasema, "Wazima. Wameumia."

Nilikaa chini, palepale mchangani. Juu ya mistari yangu.

Walikuja jua linazama, wameletwa na lori. Baba Rukia kifua kimefungwa bandeji, anapumua kwa shida. Mama mkwe mkono wa kulia umevunjika, umefungwa na vipande vya ubao, umening'inizwa shingoni kwa kanga yake ya harusi. Mwalimu Tumaini alikuwa ameshuka Ikwiriri, hakupata hata mkwaruzo. Umeona? Niliyemtakia jua alikuwa kivulini, na aliyevunjika ni mama yangu mkwe, mtu aliyenikanda na kuniogesha arobaini nzima nilipojifungua.

Waliowaleta ndio waliosimulia. Pale mteremkoni alikanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Mbele kuna akina mama na mafungu ya samaki, watoto, pantoni lenyewe, na mto. Akavuta breki ya mkono, haikutosha kwa uzito ule. Akakata usukani, akalipiga gari kwenye kingo kwa ubavu, likalala. Hakugonga mtu. Angechelewa kidogo tu, tungezika wengi.

Kesho yake asubuhi nimeshika ufagio, sijui hata nafagia nini, mama mkwe akatoka akakaa kwenye kibao chake. Akanyanyua ule mkono mzima akanionyesha pahala. "Mwanangu, fagia pale."

Palikuwa pale pa gurudumu. Nikafika, nikainama, siwezi.

"Fagia," akasema. "Kwa mkono uleule. Jana natawadha nilikuona. Ulisimama hapo, ukagusa chini, ukanusa. Kisha ukafagia mchanga mahali palipokuwa pameshafagiwa. Nikasema huyu binti kaona kinyesi cha kuku. Mpaka tulipolala kule chini ya gari ndipo nilipojua umeona nini."

Nililia. Hakunibembeleza.

"Wewe mke mwenza wako bati," akasema. "Mimi wangu alikuwa mtu. Bi Tabu, nimekaa naye uwanja mmoja miaka ishirini. Nilimchukia mpaka nikaona raha kumchukia. Msimu mmoja tuko shambani, tunalinda mpunga, yeye kalala juu ya dungu lake la nguzo nne na mtoto. Napita chini, naona nguzo moja imeliwa na mchwa, imebaki ganda. Hakuna aliyeniona. Ningeweza kupita. Nikapiga kelele: 'Tabu, shuka, nguzo inakatika!' Akashuka, dungu likaanguka nyuma yake. Kesho yake nikaendelea kumchukia kama kawaida." Akarekebisha mkono wake. "Nilimchukia akiwa mzima. Chuki ilikuwa yangu, ningeibeba mwenyewe. Roho haikuwa yangu. Sasa nenda kamwambie mumeo. Mimi sitamwambia, na usiponiona nasema usidhani nimesahau."

Mwanangu, niliogopa. Niliiona talaka yangu imeandikwa. Nilimwona Rukia wangu analelewa na mwanamke mwingine, wa kweli safari hii. Nilikuwa na kila sababu ya kunyamaza, na hakuna aliyekuwa ananishuku ila mama mmoja aliyesema hatasema. Nikaingia ndani. Baba Rukia kalala chali juu ya kitanda cha kamba, hawezi kugeuka. Nikamwambia lote. Doa, kidole, mchanga. Nikamwambia na la mwalimu, na la turubai, na la kanga, na kwamba siku ile sikuwa na unga.

Aliangalia paa. Kisha akasema, taratibu kwa sababu ya kile kifua:

"Pale Ikwiriri nilisikia pedali imelegea. Nilitaka kushuka nifungue magurudumu nichungulie. Nikasema, hapana. Uwanja ulikuwa mkavu. Kama kungekuwa na kitu, mama Rukia angeona. Nikasema ni upepo tu, nikaendelea."

 Angenipiga, ningepona haraka zaidi. Miezi yote ile nilikuwa nalilia nafasi kwa mume wangu, kumbe nilikuwa nayo. Landrova alikuwa anaipenda, mwalimu alikuwa anamkanyagia, lakini aliyemkabidhi roho yake na ya mama yake alikuwa ni mimi na ufagio wangu.

Hakuniacha. Lakini alikaa siku nyingi haniongeleshi ila salamu na "chakula tayari?" Niliona ni haki yake. Mwalimu Tumaini alikuja kumjulia hali, nami nikamtolea kiti. Nikamwambia na yeye, uso kwa uso, kwamba nilimwonea wivu. Alishika mdomo. "Dada, si ungeniambia tu? Mguu wenyewe ulikuwa unaniuma."

Gari likavutwa kurudi nyumbani, bodi imebonyea ubavu mzima. Baba Rukia alipopata nguvu alifungua lile gurudumu, akatoa raba ya kuzuia mafuta iliyokatika, akatia mpya. Kisha akasimama na spana mkononi anaangalia uwanja, hamwiti mtu. Nilivua kandambili. Nikapanda. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa kwenye kile kiti, nacho kilikuwa bado kinanuka kuku.

Aliniangalia. Akalala chini ya gari polepole, mkono kifuani. Nikasubiri. Kisha sauti yake ikatoka kule chini:

"Kanyaga."

Nikakanyaga.

"Shikilia hapohapo. Usiachie."

Sikuachia. Machozi yananitiririka, nashukuru Mungu yeye alikuwa chini hanioni. Tulizunguka magurudumu yote manne. Pedali ilikuwa laini kwanza, inazama, upepo unatoka unafoka kwenye kile kijinati, mpaka mwisho ikagoma chini ya mguu wangu, ngumu. "Haya," akasema, "sasa imekamata."

Tuliishi na gari lile miaka mingi. Jiko langu liliezekwa upya, na kanga alininunulia, doti tatu. Wifi Mwajuma hakuacha utani wake mpaka kafa. Na kila alfajiri ya safari, baba Rukia hakuchungulia tena chini ya gari. Alisimama mlangoni na funguo, akaniuliza, "Mama Rukia, uwanja vipi?" Nikimwambia "Pakavu," anawasha. Nikimwambia "Subiri," anaweka funguo chini, hata kama abiria wamejaa wanalalamika. Alinirudishia ile kazi, mwanangu. Huo ndio msamaha wake, hakuwahi kuutamka kwa njia nyingine.

Sasa nakuambia la kukuambia. Kuona wivu si kosa lako. Utakuja wenyewe, kwa mtu, kwa gari, kwa hiyo simu ya mumeo, hauombi ruhusa. Usijitukane kwa kuwa nao. Lakini usiufungie ndani ukaita kunyamaza kwako uvumilivu. Neno lililobaki ndani ni kama ule upepo kwenye mrija: mnaonekana mna kila kitu, gari linakwenda, na siku mtakayohitaji kusimama hamsimami. Mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, hata sauti ikitetemeka, hata akicheka. Mwambie "naona wivu." Ni maneno mawili. Mimi yalinishinda, yakavunja mkono wa mama wa watu.

Na la pili. Ukikasirika, kasirika. Nuna, mnyime maneno matamu, funga mlango. Lakini kile ulichoaminiwa kukilinda, kilinde hata siku unayomchukia aliyekuamini. Ukiona unyevu, sema.

Weka ungo chini sasa. Mumeo yuko nje, namwona anazungukazunguka hana la kufanya. Nenda kamwambie ulichonacho, mchele nitaupeta mimi. Mungu akupe macho ya kuona doa lingali dogo, na kinywa chepesi kuliko ufagio. Akuweke mikononi mwa anayekuamini, na akujaalie usimwangushe. Na siku mtu wako akikuuliza "uwanja vipi?" ujaaliwe kumjibu kweli. Amina. Nenda, mama.